Mbwa au Paka Ameumia na Hela Haitoshi: Anza Hapa

Mbwa kagongwa na bodaboda. Paka kadondoka kutoka ghorofa ya tatu. Mbwa wa jirani kaingia uani na kumrarua wako. Baada ya hapo maswali huwa yale yale: nimpe Panadol? Nisubiri kukuche? Kwa nini mguu mmoja tu unagharimu hela zote hizi? Tunayajibu hapa kwa mpangilio ambao mambo hutokea, kuanzia dakika ya kwanza barabarani hadi siku ya kutoa nyuzi.

Kuhusu gharama, elewa jambo moja tu kabla hatujaanza. Bili ya kliniki ni vipande vingi vilivyounganishwa: kumwona daktari, dripu, picha ya eksirei, nusu kaputi (hupimwa kwa kilo, ndiyo maana mbwa mkubwa hutozwa zaidi), upasuaji wenyewe, vyuma ambavyo kwa kawaida huagizwa nje, kulazwa kwa siku, na kila bandeji inayobadilishwa. Vipande vingine havikwepeki. Vingine huongezeka kwa sababu ya kuchelewa, ya dawa mbaya iliyotolewa nyumbani, au kwa sababu mwenye mnyama aliona aibu kuuliza bei. Hizo sababu tatu ziko mikononi mwako.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Viweke kwenye mfuko mmoja, sehemu ambayo kila mtu wa nyumbani anaijua:

- Kanga mbili kuukuu, safi. Moja ni machela, nyingine utaichana vipande.
- Shashi, pamba, bandeji za kuzungusha na plasta ya kubandika.
- Iodini ya vidonda ya asilimia 10, na chumvi ya kawaida.
- Kipimajoto cha kidijitali, glavu, mkasi wenye ncha butu, bomba la sindano la ml 20.
- Katoni imara au kikapu chenye mfuniko kwa ajili ya paka.
- Kadi ya chanjo, na uzito wa mnyama ukiwa umeandikwa juu yake. Kumpima ni rahisi: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako, utoe.
- Namba za kliniki mbili, moja ikiwa inayopokea wagonjwa usiku, na namba ya dereva wa bajaji anayekubali kubeba mnyama. Wengi hukataa. Mtafute wako mapema, mkubaliane.

Hatua

1. Jilinde kwanza. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. Chana kanga upate kamba ya upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja. Izungushe puani, funga fundo la kwanza juu, ishushe chini ya kidevu uvuke, kisha ifunge nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida au mwenye pua fupi, na paka usimfunge kabisa. Huyo mfunike kwa taulo mwili mzima, umwinue na taulo lake.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Hili halisubiri, hata kama mbwa ni wako.

2. Zuia damu. Kunja shashi au kitambaa safi, bonyeza moja kwa moja juu ya kidonda kwa dakika 10 bila kuinua. Kosa la kila siku ni kuchungulia kila baada ya nusu dakika: kila ukiinua, damu iliyoanza kuganda inang'oka na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usifunge kamba ya kukaza juu ya mguu. Mguu uliokatiwa damu kwa muda mrefu hufa, na hapo unalipia kuukata.

3. Mkague kwa dakika mbili. Lengo ni kujua kama unaondoka sasa hivi au unaweza kungoja asubuhi, maana kliniki nyingi hutoza zaidi usiku na siku za sikukuu.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. (Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta chini kope ya jicho utazame ndani yake.) Hesabu pumzi: mbwa aliyetulia huvuta kati ya 10 na 30 kwa dakika. Joto la kawaida la mbwa na paka ni takribani 38 hadi 39.2, kipimajoto kipakwe Vaseline na kiingizwe njia ya haja kubwa sentimita mbili.

Ondoka sasa hivi ukiona lolote kati ya haya:

- fizi nyeupe, za kijivu au za bluu, au rangi inachelewa kurudi
- paka anahema mdomo wazi
- damu haikomi baada ya dakika 10
- miguu ya nyuma haisogei
- mfupa umetokeza nje, au jicho limetoka mahali pake (lifunike kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, vipimo viko hatua ya 9; usilirudishe mwenyewe)
- tumbo linavimba
- ameng'atwa kifuani au tumboni, hata kama unaona vitundu viwili tu

Hilo la mwisho huwaponza wengi. Jino la mbwa hutoboa ngozi padogo, lakini anapotikisa kichwa, nyama ya chini huchanika na kuachana na ngozi. Juu unaona tundu la saizi ya punje ya mahindi. Chini kuna mfuko utakaojaa usaha siku ya tatu.

Anayechechemea lakini anasimama, fizi zake ni za waridi, anahema vizuri na kidonda ni cha juu juu, anaweza kungoja kukuche. Ila aliyegongwa na gari au pikipiki aonwe ndani ya saa 24 hata kama anatembea, kwa sababu mapafu yaliyopondeka huzidi kuwa mabaya katika siku ya kwanza. Usiku huo usilale fofofo. Kila saa moja au mbili, tazama fizi na uhesabu pumzi.

4. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Paracetamol (ndiyo hiyo Panadol) humuua paka. Kidonge kimoja kinatosha, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja na damu yake inaacha kubeba oksijeni. Ibuprofen na diclofenac, hii ya pili ikiwa karibu kila duka la dawa mtaani, hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Tena zinamfunga daktari mikono: mnyama aliyemeza diclofenac leo asubuhi hawezi kupewa salama ile dawa ya maumivu ambayo daktari angempa mchana. Umelipia tatizo la pili juu ya la kwanza.

Usimpe chakula wala maziwa. Huenda akahitaji nusu kaputi, na tumbo lililojaa huleta matapishi kwenye mapafu.

5. Mbebe kama aliyevunjika mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo. Mtelezeshe juu ya ubao, mlango wa kabati au kanga iliyovutwa na watu wawili, kichwa na kiuno vikienda pamoja. Usimwinue kwa kwapa huku miguu ya nyuma inaning'inia. Bajaji inafaa: mbwa alale kwenye sakafu au kiti cha nyuma, mtu mmoja akae naye. Pikipiki iwe kwa paka aliye ndani ya katoni iliyofungwa tu. Mguu uliovunjika usiufunge kijiti barabarani. Kijiti kilichofungwa vibaya, hasa kwenye paja, huwa kama uzito unaoning'inia chini ya mvunjiko na huchana nyama zaidi.

6. Piga simu ukiwa njiani. Uliza mambo manne: daktari yupo sasa? Eksirei ipo hapo hapo? Kumwona ni shilingi ngapi? Mnataka malipo ya awali kiasi gani? Kliniki isiyo na eksirei itakutuma kwingine, nawe utalipa kumwona daktari mara mbili.

Jua pia unayempelekea. Bwana mifugo mwenye cheti anaweza kuchanja na kusafisha kidonda, lakini kufungua tumbo au kuunga mfupa ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa: Tanzania na Baraza la Veterinari, Kenya na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Uliza usajili bila woga. Mfupa uliounganishwa vibaya huvunjwa tena na kuanzwa upya, na bei ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa upasuaji mkubwa unaoweza kungoja siku moja mbili, ulizia hospitali za kufundishia: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere kwa walioko Kampala. Jijini Nairobi kuna pia KSPCA, chama cha kutetea wanyama. Uliza bei kabla ya kusafiri, kisha jumlisha nauli.

7. Taja kiwango chako cha hela mwanzoni. Hapa ndipo hela nyingi huokolewa, na ndipo watu hunyamaza. Mwambie daktari waziwazi: "Daktari, leo nina kiasi hiki, na mwisho wa mwezi naweza kuongeza hiki. Tufanye nini kwanza?" Daktari mzuri hakudharau kwa hilo. Anayejua mpaka wako anapanga ndani yake. Asiyejua anaandika vipimo vyote.

Omba makadirio ya maandishi, kila kipande na bei yake, yakiwa yamegawanywa katika awamu:

- *Awamu ya kwanza, leo:* kuzuia damu, dawa ya maumivu, dripu na oksijeni ikihitajika. Hii usiibane. Bila hii hakuna mgonjwa wa kutibu kesho.
- *Awamu ya pili, akishatulia:* picha. Kwa aliyegongwa, kifua kipigwe picha kabla ya nusu kaputi yoyote, maana kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) kinaweza kuwa kimechanika na matumbo yamepanda kifuani. Kuruka picha hii ili kuokoa hela ni kosa linaloua mezani.
- *Awamu ya tatu:* mfupa. Mvunjiko usio na kidonda unaweza kungoja siku moja hadi tatu akiwa kwenye dawa ya maumivu na ametulizwa. Siku hizo tatu ndizo zako za kutafuta hela na kuuliza bei kwa daktari wa pili. Mfupa uliotoboa ngozi haungoji. Lazima usafishwe na aanze antibayotiki ndani ya saa chache.

Uliza kila kipimo hivi: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha matibabu?" Kama jibu ni hapana, kinaweza kungoja. Uliza pia kama dawa unaweza kuandikiwa ukanunue duka la dawa la binadamu. Antibayotiki kadhaa ni zile zile, ila kipimo kiandikwe na daktari, na dawa za maji mwambie muuzaji asikupe yenye xylitol, sukari bandia ambayo ni sumu kwa mbwa.

8. Kama ni mfupa, jua kwamba njia si moja. Watu husikia "vyuma", wanasikia bei, wanakata tamaa. Mwombe daktari akutajie zote zinazofaa kwa mfupa *huo*:

Kwanza, kufungiwa apumzike. Nyonga nyingi zilizovunjika bila kuharibu kikombe cha kiungo hupona kwa kufungiwa mahali padogo wiki nne hadi sita. Gharama kubwa ni uvumilivu wako.

Pili, hogo, yaani jasi ngumu ya kufungia mguu. Linafaa chini ya kiwiko kwa mguu wa mbele, na chini ya goti kwa wa nyuma. Halifai paja wala mkono wa juu. Kwa mbwa wadogo sana wenye vikono vyembamba, mfupa wa mbele mara nyingi hauungi ndani ya hogo, hivyo urahisi wa leo huweza kugeuka gharama ya mwezi ujao.

Tatu, pini au vyuma. Ni ghali zaidi, na kwa paja lililovunjika mara nyingi ndiyo njia sahihi. Pini peke yake ni nafuu kuliko bamba na skrubu. Uliza kama mvunjiko wake unairuhusu.

Nne, kukata mguu. Neno lenyewe linaumiza, lakini usilikimbie. Ni upasuaji mmoja, hauna vyuma, hauna picha za kurudia, na mara nyingi jumla yake ni ndogo kuliko kuunga mfupa uliosagika. Mbwa na paka wengi hutembea kwa miguu mitatu ndani ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa wanakimbia. Mnyama haoni aibu ya mguu uliokosekana; sisi ndio tunaoiona.

Na kama uti wa mgongo umekatika na daktari amethibitisha hahisi kitu hata vidole vikibanwa kwa nguvu, uliza waziwazi kuhusu kumlaza usingizi wa kudumu. Kumwacha afe nyumbani kwa siku tano kwa sababu hela imekwisha ni mateso ambayo sindano hiyo ingeyazuia.

9. Kidonda kisichoshonwa si uzembe. Kidonda kichafu au kilichopitisha takribani saa sita kikishonwa hufungia uchafu ndani. Mara nyingi ni salama zaidi kukiacha wazi na kukisafisha kila siku, kazi ambayo daktari akikuonyesha mara moja unaifanya mwenyewe.

Chemsha maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa nusu lita. Toboa kifuniko cha chupa kwa sindano, minya, maji yaruke kwa nguvu ya wastani kwenye kidonda. Kidonda cha saizi ya kiganja kipate hiyo nusu lita yote. Maliza kwa iodini: ml 10 kwenye lita moja ya maji, rangi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiwa nyeusi kama kahawa, umezidisha, unaunguza nyama changa. Spiriti usiweke. Dettol ni sumu kwa paka anayejilamba. Mafuta ya taa, oili chafu na dawa ya kuogeshea ng'ombe visikaribie kidonda chochote.

10. Muuguze kama umeajiriwa. Bili nyingi za mara ya pili zinatoka hapa.

Asijilambe. Kola ya dukani ikikushinda, chukua ndoo ndogo ya plastiki inayoingia kichwa chake, kata tundu kitakoni, zungushia ukingo plasta usimkate shingo, toboa matundu manne upitishe kitambaa cha kuifungia kwenye mkanda wake. Iishie sentimita tatu hadi tano mbele ya pua, na hakikisha anaweza kula na kunywa akiwa nayo. Mbwa mmoja akiachwa dakika kumi na mshono wa tumbo, anautoa wote.

Bandeji ikague asubuhi na jioni. Vidole viwili vya katikati viachwe vinaonekana: kama kucha zimeachana kuliko jana, vidole ni vya baridi au kuna harufu, rudi siku hiyo hiyo. Akitoka nje mvishe mfuko wa nailoni, akirudi uvue mara moja. Ukiuacha, jasho na mvuke hulowesha bandeji kutokea ndani.

Mahali pa kupumzika pawe padogo hasa: anageuka, analala, basi. Banda la kuku lililosafishwa au pembe ya chumba iliyozungushiwa mbao za paleti za mizigo inatosha. Wengi humfungulia wiki ya pili kwa sababu "ameshapona, anatembea". Maumivu yameisha, mfupa bado.

Mambo yakienda kombo

*Nilishampa paka paracetamol.* Usisubiri dalili. Fizi za rangi ya udongo na uso uliovimba ni dalili za kuchelewa. Mwambie daktari ni kiasi gani na saa ngapi. Dawa yake ni acetylcysteine. Kliniki isipokuwa nayo, aulize duka la dawa la hospitali ya watu.

*Hajakojoa saa 24 tangu agongwe.* Kibofu kinaweza kuwa kimepasuka. Rudi leo.

*Paka hali.* Siku moja mtie moyo kwa dagaa au mchuzi wa samaki wa vuguvugu usio na kitunguu. Siku mbili bila kula ni hatari kwa ini lake, hasa akiwa mnene, rudi.

*Kidonda kina mabuu.* Inzi hutaga ndani ya saa chache na mabuu hutoka ndani ya siku moja. Nyoa manyoya ya pembeni, suuza kwa maji mengi ya chumvi, watoe mmoja mmoja kwa kibano, kisha mpeleke, kwa sababu walio ndani huwaoni. Usimwage dawa ya kupe. Nyingi za mbwa zina permethrin, inayoua paka.

*Kliniki inataka hela yote kwanza.* Omba awamu ya kwanza tu, lipia hiyo, chukua maelezo ya maandishi, na picha kama zilipigwa. Omba uondoke navyo, ili kliniki inayofuata isirudie ulichokwisha kulipia.

*Mwenye mbwa aliyemng'ata wangu ananikwepa.* Weka risiti zote na picha za majeraha zenye tarehe, mpeleke kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa mapema, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Uliza pia kadi ya chanjo ya mbwa huyo. Kama haipo, mwambie daktari siku ya kwanza. Wako huenda akahitaji kuchanjwa upya na kuangaliwa kwa muda mrefu.

*Nyuzi zimeachia.* Funika kwa shashi yenye maji ya chumvi, mvishe kola, rudi. Zikiachia tumboni na kitu kinatokeza, usikirudishe ndani. Kifunike, kilowe, kimbia.

Akishasimama tena

Ziba pengo la geti alilopitia. Dume anayezurura na kupigana, mhasi. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi hutolewa bure kwenye kampeni za Septemba, karibu na tarehe 28. Peleka kadi igongwe muhuri. Na fungua pochi ya pembeni kwenye simu: shilingi 5,000 za Tanzania kila wiki ni 260,000 kwa mwaka. Kwa bamba na skrubu haitoshi, lakini awamu ya kwanza, ile ya usiku wa leo, unaweza kuilipia bila kumpigia mtu simu ya kukopa.